KUUMWA NA NYAYO SI UVIVU



Mshahara ni jambo kubwa. Nyumba ni jambo kubwa. Posho ya kulala safarini ni jambo kubwa, na mambo hayo hayakosi kusemwa katika kila mkutano wetu. Lakini nani amewahi kusimama mkutanoni akasema juu ya kisigino chake? Watu wangecheka. Na hata hivyo nenda katika yadi yo yote, au karakana, au kambi ya gengi, ukae na watu saa ya chai, utawaona wanaovua buti na kukanda nyayo zao kwa dole gumba, kimya kimya, kama watu wanaofanya jambo la aibu.

Twaandika juu ya jambo hilo leo kwa sababu ya maneno mawili tunayoyasikia kila mara. Neno la kwanza latoka juu. Mtu akienda kwa msimamizi wake na kusema kwamba mguu umemwuma wiki sita sasa, huambiwa, "Kazi imekushinda, wako vijana wengi langoni wanaoitaka." Neno la pili latoka kwetu wenyewe. Twaambiana kwamba huo ni uzee, au ni baridi imeingia mifupani, au kwamba mtu amekanyaga kitu alichotegewa na adui yake. Maneno haya mawili hayafanani, lakini kazi yake ni moja: humzuia mtu asitafute sababu. Nasi twasema kwamba mguu unaouma mwezi mzima una sababu, na kwamba sababu ni nyingi, na dawa ya moja si dawa ya nyingine. Tena twasema kwamba sehemu kubwa ya sababu hizo imo katika kazi yenyewe na katika viatu tunavyopewa. Kwa hiyo ni jambo la chama, si jambo la mtu na mkewe nyumbani.

Kwanza tuitazame kazi. Mtu asiyepata kutembea juu ya njia ya reli hudhani ni kama barabara. Si kama barabara. Mataruma yamepangwa kwa nafasi ya sentimita 60 hivi hadi 70, toka katikati ya moja hata katikati ya jingine, na hatua ya mtu mzima aendaye kwa kawaida ni kama sentimita 75. Basi mkaguzi wa njia akitaka kukanyaga kila taruma hana budi kuikata hatua yake, na akitaka kuruka moja hana budi kuirefusha mpaka nyonga zimwume. Akishuka kando hukanyaga kokoto. Kokoto za njia kuu ni mawe yenye pembe, mengi yana upana wa sentimita 3 hadi 6, nayo yamechaguliwa kwa ajili ya gari la moshi, ili yashikane, yabebe uzito wa mabehewa na kupitisha maji ya mvua. Hayakuchaguliwa kwa ajili ya unyayo wa mtu. Kila hatua mguu hulala upande huu au upande ule, na makano ya kifundo hufanya kazi ya kuushikilia. Fanya hivyo kilomita kumi, spana na nyundo begani, halafu utuambie kama ni uvivu.

Kisha wako watu wa shanting wanaoshuka behewani mara nyingi katika zamu moja, na kila wakishuka kisigino kimoja ndicho kinachopokea mwili wote. Wako mafita wanaosimama juu ya sakafu ya saruji saa nane au zaidi. Saruji haibonyei hata kidogo. Kishindo chote hurudi mguuni. Wako wenzetu wa stesheni, na siku hizi wengi wao ni akina mama na dada zetu, wanaosimama mlangoni kukagua tikiti mpaka abiria wa mwisho apite. Tangu njia mpya ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, stesheni zimekuwa kubwa na sakafu zang'aa kama kioo, lakini mguu haujui kung'aa kwa sakafu, wajua ugumu wake tu.

Jambo hili si geni katika njia hii. Watu walioijenga reli toka Mombasa mwaka 1896 mpaka ikafika Kisumu mwaka 1901 walikuwa wengi wao wametoka Bara Hindi, zaidi ya watu 30,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Vidonda vya miguu na funza vilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyowalaza hospitalini. Wakubwa wa wakati ule labda waliweza kusema kwamba hawakujua. Leo hakuna awezaye kusema hivyo.

Sasa tuje kwenye maumivu yenyewe. Sisi si waganga, ila tumeuliza kwa wanaojua, nasi twayaeleza kwa maneno ya watu wa kazi.

Maumivu yaliyo mengi kuliko yote ni ya chini ya kisigino. Chini ya unyayo pana kano pana, gumu, litokalo katika mfupa wa kisigino na kwenda mpaka kwenye mashina ya vidole. Mguu una tao, nalo kano hili limefungwa chini ya tao kama uzi wa upinde: tao likitaka kubonyea, kano hulishika. Lakini likivutwa kila siku kupita nguvu zake, huchakaa pale linaposhikana na mfupa wa kisigino. Nyuzi zake ndogo ndogo huanza kukatika, na kabla hazijapona huvutwa tena kesho yake. Alama ya ugonjwa huu ni rahisi kuijua. Mtu akiamka asubuhi, hatua za kwanza kutoka kitandani ni kama kukanyaga msumari. Akitembea kidogo maumivu hupungua, naye husema amepona. Jioni baada ya zamu hurudi. Na akikaa kitako muda mrefu, kwa mfano ndani ya matatu akirudi nyumbani, hushuka akichechemea hata kondakta humwonea huruma. Sababu ni kwamba wakati wa kulala au kukaa kano hujikunyata, na hatua ya kwanza hulivuta ghafula.

Wanaopatwa zaidi ni watu wasimamao juu ya sakafu ngumu, walio wazito wa mwili, wenye nyayo bapa au tao lililoinuka mno, wenye mashavu ya miguu yaliyokaza, na wale walioongezewa mwendo wa kazi kwa ghafula. Mtu aweza kuwa na mambo mawili au matatu ya hayo pamoja.

Dawa yake ya kwanza haiuzwi dukani, na labda ndiyo sababu watu hawaiamini. Kabla ya kushuka kitandani, mtu akae, aweke mguu unaouma juu ya goti la mguu wa pili, ashike vidole kwa mkono na kuvirudisha nyuma kuelekea muundi mpaka ahisi unyayo umekaza kama kamba. Ahesabu hata 10, aachie. Afanye hivyo mara 10, na tena saa ya chakula, na tena jioni. Kisha asimame mbele ya ukuta, viganja ukutani, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka na kisigino hakiinuki chini, ajisukume mbele mpaka shavu la mguu livutike, ahesabu 30. Afanye hivyo mara tatu. Jioni achukue chupa ya plastiki yenye maji yaliyoganda, aiviringishe chini ya unyayo dakika chache; asiye na friji anaye jirani. Nyumbani asitembee miguu mitupu juu ya saruji, avae malapa yenye soli nene. Na kama mwili umezidi uzito, apunguze, ijapokuwa twajua ni rahisi kuyaandika maneno hayo kuliko kuyatimiza.

Haponi mtu kwa siku tatu. Wengi hupona kwa mazoezi haya na viatu vyema bila kupasuliwa, lakini huchukua miezi, na wengine karibu mwaka. Twasema hivyo wazi kwa sababu wenzetu wengi hufanya wiki moja, wakachoka, wakaenda kununua vidonge.

Wengine hupigwa picha ya eksirei, wakaonyeshwa mfupa mdogo uliochomoza chini ya kisigino kama mwiba, wakarudi nyumbani wamekata tamaa. Mwiba huo huonekana pia katika visigino vya watu wengi ambao hawaumwi kabisa. Kwa hiyo picha peke yake si hukumu. Nayo sindano ya kisigino yaweza kutuliza kwa majuma kadhaa, lakini ikirudiwa rudiwa yaweza kulidhoofisha kano hata likakatika. Mtu na aulize vizuri kabla ya kukubali ya pili.

Kisigino tumekieleza kwa urefu kwa sababu ndicho chenye malalamiko mengi. Yaliyobaki tutayapitia upesi, isipokuwa moja.

Maumivu ya mbele ya unyayo, hasa kati ya kidole cha tatu na cha nne, yawakayo moto na kumfanya mtu avue buti kutafuta jiwe lisilokuwamo, mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa na kiatu chembamba. Buti pana ndiyo dawa ya kwanza. Maumivu yaliyo juu ya mguu, mahali pamoja panapoweza kufunikwa kwa ncha ya kidole, pamevimba, nayo yazidi kila siku ya kazi, yaweza kuwa ufa wa mfupa. Ufa huo hauhitaji mtu aanguke wala agongwe na reli. Askari wanaofundishwa kwata huupata, kwa sababu mfupa hupewa kazi nyingi kabla haujazoea, na kijana aliyekaa nyumbani miaka miwili akatiwa gengini mwendo mzima siku ya kwanza yuko katika hatari ile ile. Picha ya eksirei ya wiki ya kwanza yaweza isiuonyeshe. Basi mtu akiambiwa "huna kitu" na maumivu yanazidi, arudi tena baada ya wiki mbili au tatu, wala asirudi kubeba reli. Ufa hutaka kupumzishwa wiki sita hata nane.

Kidole gumba cha mguu kinachowaka ghafula usiku, kimevimba, chekundu, hata shuka haiwezi kukigusa, huenda kikawa na jongo. Iko takataka katika damu iitwayo asidi ya yuriki; ikizidi huganda ndani ya kiungo kama chembe za chumvi. Wengine wamerithi, wengine ni kwa ajili ya figo, lakini bia, nyama nyekundu, maini na matumbo huizidisha. Hapo hatuna shauri la kumdai mwenye kazi buti. Mtu aende kwa daktari, dawa zake zipo, na mwisho wa mwezi apite mbali kidogo na mahali pa nyama choma.

Maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita takoni mpaka unyayoni, mara nyingi ni ya mshipa wa fahamu uliobanwa mgongoni, na wanyanyuaji wa mataruma wanayajua. Mtu wa namna hiyo aweza kuukanda unyayo mwaka mzima bure, kwa kuwa ugonjwa hauko huko. Naye mvuta sigara wa miaka mingi ambaye shavu la mguu humshika akitembea mwendo fulani, likamwachia akisimama, na aende kupimwa mishipa ya damu.

Lililobaki ndilo hasa lililotufanya tushike kalamu. Ni ugonjwa wa sukari.

Ugonjwa huu, usipotibiwa, huharibu polepole mishipa ya fahamu ya miguu. Kwanza nyayo huwaka moto usiku, au mtu husikia kama sisimizi wanatembea ndani ya soksi, na mara nyingi ni miguu yote miwili sawasawa. Baada ya muda maumivu hupungua, mtu akafurahi. Kumbe hakupona, miguu imekufa ganzi. Mwenzetu mmoja wa yadi, mtu aliyeijua kazi yake na kuheshimiwa na wote, alinunua vidonge vya maumivu dukani karibu mwaka mzima, na wakati huo wote hakuna aliyempima. Asubuhi moja kokoto ndogo iliingia ndani ya buti yake, naye akafanya kazi zamu nzima asijue kwamba imo. Jioni alipovua, soksi ilikuwa imeshikana na damu. Kidonda kile hakikupona. Alikatwa vidole viwili, halafu akakatwa mguu chini ya goti. Leo yuko kwao, mkewe ndiye anayeuza mboga ili watoto wasome, na sisi tulimchangia mara moja tukasahau.

Kupima sukari ni tone moja la damu ya kidole, na jibu hutoka kabla mtu hajamaliza kufunga kamba za kiatu chake. Likionekana kubwa hupimwa tena kwa uhakika. Mwenye ugonjwa huu akijulikana mapema, akafuata dawa na chakula, aweza kufanya kazi mpaka siku ya kustaafu. Lakini azitazame nyayo zake kila jioni, na mahali asipopaona amwambie mtoto atazame. Atie mkono ndani ya buti kabla ya kuvaa. Asikate sugu kwa wembe, asitie miguu katika maji ya moto kabla ya kuyajaribu kwa kiwiko, na akiona kidonda hata kidogo asingoje mwisho wa wiki. Vile vile mtu ye yote, awe na sukari au asiwe nayo, aende hospitali siku ile ile akiona mguu umekuwa baridi na kubadilika rangi, au shavu la mguu mmoja limevimba na kuuma, au amepata homa pamoja na uvimbe, au hawezi kuukanyagia kabisa baada ya kuanguka.

Na hivyo vidonge. Diklofenaki na Brufen hutuliza, hatukatai, na daktari akimwandikia mtu kwa siku chache ni sawa. Lakini mtu anayevimeza kila asubuhi ili aweze kuingia zamu hajatibiwa. Amenyamazisha kengele tu, na huku tumbo laweza kupata vidonda na figo zaweza kuharibika. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asivitumie bila kuuliza.

Sasa buti. Twajua jinsi zinavyotolewa. Huja kwa maboksi, mwenye mguu namba 9 akapewa 8 kwa kuwa ndizo zilizobaki, akaambiwa zitapanuka. Ngozi hupanuka kidogo. Chuma cha mbele hakipanuki kamwe. Akina mama hupewa buti zilizofanywa kwa mguu wa mwanaume, namba ndogo, kisigino kikacheza ndani huku vidole vimebanwa. Soli ikishaliwa na kokoto mtu huambiwa mwaka haujaisha. Hatumlaumu karani wa stoo, yeye hutoa alicholetewa. Twamwuliza yule anayeagiza: Je, amepata kumpima mtu hata mmoja mguu?

Maana kupima si kazi ngumu. Mtu hupimwa akiwa amesimama, miguu yote miwili, kwa sababu mara nyingi haiko sawa, na hupimwa jioni, kwa sababu baada ya kazi miguu huvimba. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Karatasi, penseli na dakika tano kwa mtu mmoja, basi.

Wala hatuombi fadhili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga vinavyofaa, na viatu mahali vinapohitajiwa. Yataka wafanya kazi wa kusimama wawekewe mahali pa kukaa wapatapo nafasi ya kupumzika. Yataka kila mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na ndani yake wamo wajumbe wa wafanya kazi. Neno la sheria ni vifaa "vinavyofaa". Buti namba 8 katika mguu namba 9 haifai, hata kama ni mpya na inanukia ngozi.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba katika mapatano yajayo sura ya viatu isiachwe mwisho ikatupwa wakati watu wamechoka na saa ya kutia sahihi imefika. Watu wa njia na wa yadi wapewe jozi mbili kwa mwaka, baada ya kupimwa, na akina mama wapewe buti za umbo lao. Pale mafita wanaposimama yawekwe mazulia ya mpira, na mkagua tikiti awekewe kiti. Katika yadi, mahali watu wapitapo kwa miguu, zimwagwe kokoto ndogo. Huko Marekani kokoto za yadi huwa ndogo kuliko za njia kuu kwa ajili ya watembeao, na magari yao hayajaanguka kwa sababu hiyo. Mwenye barua ya daktari apewe kazi nyepesi kwa muda ulioandikwa, bila kukatwa mshahara wala kuandikwa kuwa mvivu. Na mara moja kwa mwaka kila mwanachama apimwe sukari kazini, kwa saa za kazi.

Wako watakaosema kwamba tunapoteza nguvu, kwamba mshahara ukiongezwa kila mtu atajinunulia buti aitakayo. Tumeyafikiri maneno hayo, na yana ukweli wake kwa mtu asiye na watoto shuleni. Kwa wengine fedha ya buti itakwenda karo, itakwenda unga, itakwenda kodi ya nyumba, na mguu utangoja. Tena mtu aliyekatwa mguu hana mshahara wa kuongezewa.

Lakini hatuwezi kudai kwa mdomo mmoja na kuharibu kwa mwingine. Wako wenzetu wanaopewa buti Jumatatu, na Jumamosi zimekwisha kuuzwa sokoni. Wako wanaoziweka ndani ya boksi mpaka Krismasi, wakaja gengini na akala. Akala si kiatu kibaya kwa njia ya nyumbani, ni pana, vidole hupumua, na mawe hayatoboi mpira wa gurudumu. Lakini mtaimbo ukianguka hautauliza kama umevaa akala kwa sababu ya umaskini au kwa sababu ya kupenda. Sheria ile ile inayomtaka mwajiri atoe kifaa yamtaka mfanya kazi akitumie, na mwajiri atatushinda mezani kwa buti moja tu iliyouzwa. Na wako wajumbe wetu wa kamati za usalama wanaokwenda kikaoni, wakanywa soda, wakala mandazi, wakatia sahihi karatasi iliyokwisha kuandikwa. Hao tawi na liwaulize, na wasiojibu wachaguliwe wengine mahali pao.

Mwenye maumivu sasa hivi asingoje mapatano. Aende dispensari wiki hii, aeleze maumivu yalianza lini, yako wapi, yauma saa gani, na atake apimwe sukari. Barua ya daktari aiweke, na nakala yake ampe katibu wa tawi, kwa maana mezani huulizwa karatasi, hauulizwi mguu.

Na katika mkutano ujao wa tawi, kila mtu alete buti zake kuukuu, hata zilizotoboka, hata zilizoshonwa kwa waya. Aandike ndani ya ulimi wa buti, kwa kalamu ya wino, namba ya mguu wake na namba aliyopewa, na tarehe aliyopewa. Katibu atazihifadhi ndani ya magunia. Siku ya kuketi na wenye kazi, kabla ya neno lo lote juu ya shilingi, zitapangwa juu ya meza, soli juu.